Hongo, Kibarua na Mtoro: Utumwa, Biashara na Maisha ya Kila Siku katika Mji wa Pangani, Karne ya 19

Utangulizi

Msafiri anayeteremka barabara ya Magadi kutoka vilima vya Ngong hufika Oltepesi, kituo cha wafugaji katika Kaunti ya Kajiado ambacho jina lake ni jina la mti. Katika Kimaasai, oltepesi ni mgunga, ule wenye matawi yaliyotandaa kama mwavuli. Hapana mto mkubwa hapo wala shamba la miwa, na bahari iko mbali. Hata hivyo, mkazi wa Oltepesi anaposema leo kwamba amepata kibarua Kitengela, kwamba karani fulani alimdai hongo, kwamba mwanawe amekuwa mtoro shuleni, au kwamba amekizungushia kiwanja chake seng'enge, hutumia maneno manne yaliyokuwa na maana mahsusi katika ulimwengu wa utumwa na misafara wa karne ya 19. Mawili kati yake yalikuwa maneno ya njia iliyopita katika nyanda hizi za Kajiado. Mawili mengine yalitumika upande wa pili wa njia hiyo, katika mji wa Pangani.

Makala haya yanaueleza mji huo: biashara yake, mashamba yake ya miwa, na maisha ya kila siku ya watu waliomilikiwa humo. Hoja yetu ni moja. Utumwa wa Pangani haukuwa hali moja iliyotulia, bali ulikuwa ngazi ndefu ambayo kila mtu aliyewekwa chini alijitahidi kuipanda, na kila bwana alijitahidi kumzuia asipande. Mvutano huo ndio uliofinyanga sehemu muhimu ya msamiati wetu wa heshima, kazi na dharau. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili asiyeujua mvutano huo huyatumia maneno hayo bila kujua yalimgharimu nani.

Mji, mto na bara

Mto Pangani hupata maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru, ukasafiri takriban kilomita 500 hadi Bahari ya Hindi. Sehemu zake za juu huitwa majina mengine, likiwamo Ruvu. Mji wa Pangani umekaa ukingo wa kaskazini wa mlango wa mto, na ng'ambo ya pili, upande wa kusini, kuna Bweni chini ya kilima chake. Mlangoni kuna fungu la mchanga, hivyo majahazi yalilazimika kungoja maji kujaa ndipo yaingie. Ndani ya mto, mitumbwi na madau yaliweza kupanda kwa masafa mafupi tu kabla ya kukutana na maporomoko. Jiografia hii iliupa mji kazi mbili. Bonde la chini, lenye udongo wa rutuba ulioletwa na mafuriko na lenye njia rahisi ya kupakia mazao chomboni, lilifaa kwa kilimo cha biashara. Bonde la juu, lililoambaa chini ya milima ya Usambara na Upare, lilikuwa njia ya kwendea bara.

Burton na Speke walipofika hapa mwanzoni mwa mwaka 1857, walipanda hadi Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, ambaye nguvu zake zilifika hadi miji ya pwani hii. Kimweri alifariki mwaka 1862, na ufalme wake ukaingia katika vita vya warithi. Mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, mahali palipo kando ya njia ya misafara, akawa akipata bunduki na baruti kutoka pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei nao waliwaasi watawala wao wa Kikilindi. Bei ya baruti ililipwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Mateka wengi walioteremshwa Pangani katika miaka hiyo walitoka karibu, katika Usambara, Ubondei na Uzigua, yaani kwa majirani waliojulikana kwa lugha na kwa koo. Jambo hili halina budi kukumbukwa: mtumwa wa Pangani hakuwa lazima mtu aliyetoka nchi ya mbali isiyojulikana. Pengine vilima vya kwao alikuwa akiviona kutoka shambani.

Njia ya Umaasaini: hongo na seng'enge

Misafara ya Pangani iliyoendelea mbele ya milima hiyo ilifuata hasa pembe za ndovu. Ilipita Kilimanjaro na Arusha, ikaingia nyanda za Wamaasai, ikaelekea Naivasha, Baringo na mbele zaidi. Mjerumani Gustav Fischer aliondoka Pangani akafika Naivasha mwaka 1883 kwa kupitia upande wa Ziwa Natron. Mwaka huohuo Mskoti Joseph Thomson, aliyeanzia Mombasa, aliona kwamba hawezi kuvuka Umaasaini bila wazoefu, akajiunga na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara maarufu wa Pangani. Kituo chao kikubwa kabla ya kuingia Bonde la Ufa kilikuwa Ngongo Bagas, pembezoni mwa vilima vya Ngong. Jina hilo lilikuwa matamshi ya kigeni ya maneno ya Kimaasai yenye maana ya chemchemi ya Mbagathi, na mji wa Ngong umelirithi hadi leo. Hapo misafara ilinunua vyakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea na safari.

Mpagazi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Ndani ya mizigo hiyo mlikuwa na nguo za marekani, shanga, masango ya shaba, na nyuzi nene za chuma zilizoitwa seng'enge. Wamaasai walizipenda nyuzi hizo kwa mapambo ya mikono na miguu ya wanawake. Ili msafara upite, sehemu ya mali hiyo ilitolewa kwa morani na wazee wa mahali, na malipo hayo yaliitwa hongo. Hongo wakati huo haikuwa aibu. Ilikuwa ushuru wa njia uliojadiliwa hadharani na kupokewa kwa haki ya mwenye nchi. Iligeuka kuwa fedha ya kificho pale mamlaka ya kutoza ushuru yalipochukuliwa na dola, na mtu binafsi aliyeidai akawa anaiba mamlaka yasiyo yake. Seng'enge nayo ilishuka mkononi mwa mwanamke ikapanda kwenye nguzo za ua. Maneno hayo mawili yanaeleza kwa ufupi historia ya nchi iliyokuwa na wenyewe wanaotoza njia, ambayo sasa inakatwa viwanja.

Swali linalofaa kuulizwa hapa ni hili: mpagazi aliyebeba seng'enge hiyo alikuwa nani? Baadhi walikuwa watu huru wa bara. Wengi wa wapagazi wa pwani walikuwa watumwa waliokodishwa, ambao ujira wao uligawanywa baina yao na mabwana zao. Waliongozwa na wanyapara, neno lililotoka kwa Wanyamwezi, waliokuwa mabingwa wa upagazi. Mtumwa wa aina hii aliweza kukaa bara mwaka mzima mbali na macho ya bwana wake, akiwa na bunduki begani na bidhaa zake chache za kuuza. Huko bara alijiita mwungwana. Jina hilo liliota mizizi kiasi kwamba Kiswahili kilichoenea mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Wengi wa hao waungwana, wakirudi pwani, walikuwa watumwa wa watu.

Shamba la miwa

Mtumwa aliyepelekwa shambani hakuwa na nafasi hiyo. Kila sehemu ya pwani ilikuwa na zao lake: Unguja na Pemba karafuu, Malindi nafaka, na Pangani miwa. Mashamba ya miwa yalistawi kando ya mto hasa katika miaka ya 1870 na 1880, na wamiliki wake wengi walikuwa Waarabu wa asili ya Omani. Sukari guru na asali ya miwa zilisafirishwa hadi Unguja na masoko mengine. Mtaji ulitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao baadhi yao ndio waliokodi ushuru wa forodha wa Sultani. Kwa hiyo mwenye shamba alikuwa bwana kwa watumwa wake na mdeni kwa mkopeshaji wake, na uzito wa deni aliutua juu ya migongo ya wale wa chini.

Sheria zilizokusudiwa kupunguza utumwa zilichangia kuukuza hapa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akishurutishwa na Uingereza, alikubali kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko la Unguja. Mwaka 1876 alipiga marufuku pia misafara ya watumwa ya nchi kavu. Magendo ya kuvusha watu kwenda Pemba yaliendelea, lakini kuvusha kulikuwa na hatari na gharama. Watu walioteremshwa pwani na wasiovushwa walizidi kuuzwa papo hapo. Mwenye shamba la miwa akapata wafanyakazi karibu na mlango wake wakati uleule dunia ilipodhani biashara hiyo inakoma.

Tofauti ya miwa na mazao mengine ni ya kitaalamu, lakini ina matokeo ya kibinadamu. Karafuu zina msimu wake, na msimu ukipita kazi hupungua. Mtama huvunwa ukawekwa ghalani. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza utamu wake mara moja, hivyo sharti ukamuliwe upesi, na maji yake yakishakamuliwa sharti yachemshwe kabla hayajachacha. Kukata, kubeba, kukamua na kuchemsha hufuatana bila kupumzika, na moto wa masufuria haujui kuchwa kwa jua. Zao hili lilidai watu wafanye kazi kwa makundi, chini ya usimamizi, kwa saa zisizo na mpaka.

Desturi ya pwani ilikuwa tofauti. Mtumwa wa shamba kwa kawaida alipewa ngwe, yaani kipande cha kulima kwa siku, akikimaliza siku ni yake. Kazi iliangaliwa na msimamizi, na chini yake nokoa na kadamu, ambao mara nyingi walikuwa watumwa wenyewe. Katika mashamba ya Unguja, Alhamisi na Ijumaa zilihesabiwa kuwa siku za mtumwa kulima koongo lake, akala na kuuza akipendacho. Hayo hayakuandikwa katika sheria yoyote, lakini yalishikwa kama haki. Mabwana wa miwa wa Pangani waliposhika njia ya kumnyang'anya mtumwa siku zake na ngwe yake, hawakuwa wakizidisha kazi tu. Walikuwa wakivunja mapatano ambayo, kwa mtazamo wa mtumwa, ndiyo yaliyomtenganisha mtu na mnyama wa kinu.

Ngazi za utumwa

Lugha ya mji iliwapanga watumwa kwa majina mengi, na kila jina lilikuwa hatua. Jina la jumla, mtumwa, limetokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa: ni yule anayetumwa. Shina hilohilo limezaa mtume na mtumishi. Aliyetumwa na Mungu akawa juu ya watu wote, na aliyetumwa na binadamu mwenziwe akawa chini yao. Mwanamke aliitwa mjakazi. Watumwa wa bwana mmoja walikuwa wajoli, na ujoli ulikuwa udugu wa namna yake kwa watu waliokatiwa udugu wa damu.

Aliyewasili karibuni kutoka bara aliitwa mshenzi, hata kama alikuwa mtoto wa jumbe kwao. Mwanawe aliyezaliwa pwani, akajua Kiswahili na sala tangu utotoni, aliitwa mzalia, na mzalia alitarajia kutouzwa ovyo wala kupelekwa shambani kama mgeni. Suria aliyemzalia bwana wake aliingia katika hukumu nyingine: kwa sheria ya Kiislamu mtoto wake alizaliwa huru na kumrithi baba. Kinyume chake, mtoto wa mjakazi aliyeolewa na mtumwa mwenziwe alifuata hali ya mama. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza hivyo kuwa mmoja mrithi na mwingine sehemu ya urithi.

Mjini kulikuwa na kibarua. Huyu alikodishwa kwa siku kuchukua mizigo bandarini, kujenga au kusafisha gundi na pembe, akapewa cheti kidogo, yaani barua ndogo, cha kumwezesha kulipwa jioni. Sehemu ya malipo aliipeleka kwa bwana, na sehemu akabaki nayo. Kwa fedha hiyo aliweza kupanga chumba, kuoa kwa idhini, kununua nguo, na hata kununua mtumwa wake mwenyewe. Kibarua alikuwa mtumwa, lakini mtumwa mwenye mfuko. Ndiyo maana vijana wa mashambani walitamani kuwa vibarua, na ndiyo maana mabwana wa miwa hawakupenda wawe.

Ngazi hizi zilionekana mwilini. Mbele ya bwana wake mtumwa hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu, na vazi la mjakazi lilikuwa kaniki. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Waswahili iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ametuachia maelezo marefu ya adabu hizi kutoka kwa mtu aliyeishi katika jamii yenyewe. Salamu ya shikamoo, ambayo hufasiriwa na wengi kuwa kifupisho cha kushika miguu, ilikuwa mojawapo ya alama za kukiri daraja, ingawa watoto nao waliitoa kwa wazee. Kwa hiyo, mtumwa aliyevaa kanzu na kofia katika ngoma, akala karamuni, akajiunga na tarika ya Kadiria au akachangia sherehe za mtaa, hakuwa akijiburudisha tu. Alikuwa akidai kuhesabiwa. Mji wa Pangani ulipata majumbe wake kwa karamu na ada: aliyetaka cheo alilisha watu na kutoa vilemba. Mtu aliyezoea kuona cheo kikinunuliwa kwa karamu aliona pia kwamba yeye anaweza kuanza na sahani moja.

Mtoro

Njia ya kupanda ilipozibwa, ilibaki njia ya kutoka. Mtoro leo ni mwanafunzi asiyehudhuria masomo. Wakati huo alikuwa mtu aliyemtoroka bwana wake, na kosa lake lilikuwa kuichukua mali ya mtu, yaani nafsi yake mwenyewe. Makao ya watoro yalizuka nyuma ya miji mingi ya pwani. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ilijulikana sana upande wa Kenya, na Witu iliwapokea wengine. Wengine walikimbilia misheni kama Rabai. Pangani nayo ilikuwa na watoro wake, waliotoka katika mashamba ya miwa wakajenga vijiji vyao wenyewe, wakalima na kujilinda kwa silaha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba watoro hawakuikataa jamii ya pwani kwa jumla. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika utafiti wake kuhusu Pangani uliochapishwa mwaka 1995, ameonyesha kwamba watumwa na watu wa bara hawakupigania kuuvunja mji, bali kuingia ndani yake kama raia wenye haki. Watoro waliendelea kusema Kiswahili, wengi wao walishika Uislamu, na walifanya biashara na watu wa mjini. Walichokataa ni kuwa na nafasi isiyo na mlango wa kutokea.

Hapa yafaa tuijibu kauli inayorudiwa mara kwa mara, kwamba utumwa wa Waswahili ulikuwa mpole kwa sababu mtumwa alikuwa kama mtu wa nyumbani. Ni kweli kwamba wapo waliokula sinia moja na mabwana zao, na wapo waliorithi. Lakini upole huo haukutolewa bure na bwana. Ulidaiwa na mtumwa siku hadi siku, kwa kuchelewa kazini, kwa kutishia kutoroka, kwa kutafuta bwana mwingine, na kwa kutoroka hasa. Pale ambapo faida ya sukari ilizidi hofu ya kutorokwa, upole ulitoweka. Kitu kinachotoweka bei ya zao inapopanda hakiwezi kuitwa tabia ya utamaduni. Kilikuwa matokeo ya mvutano, na upande mmoja wa mvutano huo walikuwa watu ambao historia imewaandika bila majina.

Vita vya 1888 na ukombozi uliocheleweshwa

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikabidhi Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani ya Mrima. Agosti mwaka huo Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo, alifika Pangani, akaingilia bendera ya Sultani na kuuvunjia heshima msikiti. Watu waliinuka. Waliojaa mjini hawakuwa mabwana tu, bali wapagazi, wanavijiji wa nyuma ya mji, vibarua na watumwa. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, alijitokeza kuwa kiongozi wao. Huu ndio undani wa tukio hili: bwana wa miwa aliongoza umati ambao sehemu yake ilikuwa na madai dhidi ya mabwana wa miwa. Kila kundi lilipigania mji, lakini si mji uleule. Hemedi bin Abdallah el-Buhry aliyaandika matukio ya vita hivyo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, kazi ambayo wanafunzi wa fasihi wanapaswa kuisoma pamoja na historia ya kijamii ya pwani.

Ujerumani iliitangazia Ulaya kwamba hayo yalikuwa maasi ya Waarabu wauza watumwa. Januari 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni mbili, kwa jina la kuzuia biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani. Hermann Wissmann, akiwa na askari wa Kisudani na wengine kutoka Msumbiji, aliiteka Pangani Julai 1889. Abushiri alinyongwa mjini humo tarehe 15 Desemba 1889.

Walioambiwa kwamba vita ni vya kuwakomboa walingoja sana. Unguja na Pemba, chini ya himaya ya Uingereza, zilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa tarehe 6 Aprili 1897, ila masuria walibaki nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907. Wajerumani hawakuufuta utumwa kabisa katika koloni lao. Waliruhusu watu kujikomboa kwa malipo, na wakaamua kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza, miaka 33 baada ya Abushiri kunyongwa.

Wakati huohuo zao jipya lilifika. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na 62 iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, kusini mwa mto Pangani. Mkonge ulihitaji watu wengi, na walioajiriwa waliitwa vibarua. Cheti kidogo cha kibarua kikawa kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Mtu hakumilikiwa tena, lakini lugha ya kumhesabia siku zake iliwekwa tayari na enzi iliyotangulia.

Maneno baada ya utumwa

Mabadiliko ya maana yalifuata mabadiliko ya hadhi. Uungwana, uliomaanisha kuzaliwa huru, umekuwa tabia njema. Mtu yeyote sasa anaweza kuwa mwungwana kwa matendo yake, na hilo ni ushindi wa wale waliojiita waungwana njiani kabla hawajaruhusiwa. Ustaarabu, kutokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya Mwarabu, ulianza kushindana na uungwana katika karne ya 19, enzi ya nguvu za Waomani, na sasa tunautumia kwa maendeleo ya binadamu wote bila kufikiria asili yake. Ushenzi haukupata bahati hiyo; umebaki tusi, na asili yake kama jina la mgeni wa bara imesahauliwa na wengi wa wajukuu wa hao wageni, ambao nao hulitumia.

Neno lililosafiri mbali zaidi ni uhuru. Kabla halijawa wimbo wa mataifa mwaka 1961 na 1963, lilikuwa hali ya mtu mmoja aliyeachwa huru na bwana wake kwa kauli au kwa hati. Wanasiasa walipoliita taifa zima lidai uhuru, waliazima neno ambalo watu wa pwani walijua uzito wake, kwa kuwa bibi au babu wa mtu fulani aliwahi kuwa na karatasi yake akiificha sandukuni.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba Pangani ilikuwa mji wa mlango wa mto uliofungamanisha shamba la miwa na nyanda za Wamaasai, na kwamba watumwa wake waliishi katika ngazi ya hadhi ambayo kila daraja lake liligombewa. Mambo mawili yanatokana na maelezo hayo kwa sisi wa idara za Kiswahili.

Kwanza, ufundishaji wa maana za maneno usitengwe na historia ya waliozisema. Mwanafunzi anayelinganisha kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, ya Johnson ya mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ataona maneno kama kibarua, hongo na mtoro yakibadilika mbele ya macho yake, na atakuwa na mada ya utafiti isiyohitaji fedha za safari. Pili, utafiti wa nyanjani kuhusu suala hili hauna budi kufanywa kwa staha. Pwani bado ina familia ambazo kutajwa kwa asili ya utumwa ni jeraha. Mtafiti asimwulize mtu kama babu yake alikuwa mtumwa. Amwulize alilima nini, alivaa nini, alicheza ngoma gani, na alimsalimu nani kwa salamu ipi. Majibu ya maswali hayo yatakuwa na historia yote ndani yake, na mwenye kujibu atabaki na heshima aliyoirithi kwa taabu.